Ganda la Yai na Mafuta ya Karai: Nishati Iliyolala katika Taka za Temeke

Katika Temeke, kuanzia Keko na Chang'ombe mpaka Tandika, na kutoka Mtoni mpaka Mbagala Rangi Tatu, jua likishakuchwa na adhana ya magharibi ikishapita, makarai huinjikwa kando ya barabara, na biashara ya chipsi, mihogo, samaki na kuku wa kukaanga huendelea hata usiku mwingi. Kutokana na biashara hiyo, ambayo huwalisha makuli, madereva, wanafunzi na wapangaji wasio na nafasi ya kupika, hubaki vitu viwili ambavyo ni nadra mtu kuvitazama mara ya pili: mafuta yaliyochoka kwa kukaangia, na maganda ya mayai. Mafuta humwagwa mtaroni au, kwa hatari kubwa zaidi, hurudishwa karaini siku baada ya siku mpaka yawe meusi. Maganda hutupwa jaani. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba vitu viwili hivyo, vikikutanishwa kwa elimu ya kemia na nidhamu ya kazi, vyaweza kutoa mafuta ya kuendeshea injini ya dizeli. Na kwamba njia hii ndogo, isiyomtoa mtu shambani mwake wala kumhamisha kijijini kwake, inastahili kupewa nafasi ambayo mipango mikubwa ya mafuta ya mimea imekwisha kuipata katika nchi yetu na kuipoteza.

Wilaya hii si ngeni katika habari za mafuta. Kurasini ndiko zinakotia nanga meli za mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo, na Kigamboni, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa ndani ya Temeke, ndiko kulikofunguliwa mwaka 1966 kiwanda cha TIPER, kilichosafisha mafuta ghafi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 kilipoacha kazi hiyo na kubaki ghala. Tangu hapo kila tone la dizeli liendeshalo lori, jenereta na trekta katika nchi hii hufika likiwa limekwisha kutengenezwa na wengine, na bei yake hufuata mambo yatokeayo mbali na sisi. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, lita moja ya dizeli jijini Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ili kupunguza makali. Nchi iliyo katika hali hiyo haina budi kutazama kila mlango, hata ule mwembamba.

Injini iliyoanza na karanga

Watu wengi hudhani ya kuwa kuendesha injini ya dizeli kwa mafuta ya mimea ni uzushi wa siku hizi, ilhali jambo hilo ni la umri mmoja na injini yenyewe. Katika maonyesho makuu ya Paris ya mwaka 1900 kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel ikizungushwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio lile, kwa kuwa karanga zilistawi sana katika makoloni yake ya Afrika. Tangu mwanzo, basi, fikra hii ilihusishwa na bara letu, ijapokuwa kwa faida ya waliolitawala.

Ila mafuta ya mimea yana dosari moja kubwa, nayo ni uzito wa mwendo wake: kwa kipimo cha nyuzi 40 za Selsiasi huwa mazito takriban mara 10 kuliko dizeli, kwa hiyo hayarushwi vizuri na nozeli, hayaungui yakaisha, na baada ya muda huacha masizi na gundi katika injini. Dawa ya dosari hiyo ilipatikana kwa njia iliyopita tena Afrika. Mwaka 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels aliyeitwa G. Chavanne alipewa hataza ya Ubelgiji kwa ajili ya kuyageuza mafuta ya mawese kuwa mafuta mepesi yafaayo kwa injini, akiyakusudia kwa matumizi ya Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na mwaka uliofuata basi la abiria lilisafiri baina ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Baadaye bei nafuu ya petroli na dizeli za kuchimbwa ikaifunika habari hii kwa miongo mingi, mpaka taharuki za bei na hofu ya kuharibika kwa hali ya hewa zilipoifufua.

Yaliyofanywa na Chavanne yaelezeka kwa maneno machache. Kila chembe ya mafuta ya mimea ni asidi tatu za mafuta zilizofungamana na gliserini moja. Ukiyachanganya mafuta hayo na kileo chepesi kama methanoli au ethanoli, katika joto la kadiri, asidi zile huiacha gliserini na kuungana na kileo, na kinachopatikana ni maji maji mepesi ya rangi ya asali, ambayo ndiyo dizeli ya mimea. Kilo 100 za mafuta hukutana na takriban kilo 11 za methanoli, hutoa takriban kilo 100 za dizeli ya mimea, na chini yake hutuama gliserini yapata kilo 10. Dizeli hiyo ina nguvu pungufu kidogo kuliko ya kuchimbwa, yapata sehemu moja katika 10, lakini haina salfa ya kutajika, huoza upesi ikimwagika ardhini, na haishiki moto kwa wepesi ghalani.

Lakini mafuta na methanoli, vikiachwa peke yake, huchelewa mno kuafikiana. Sharti awepo wa tatu, aitwaye kichocheo, ambaye kazi yake ni ile ya mshenga: huzikutanisha nyumba mbili, hurahisisha maneno, na ndoa ikishafungwa huondoka mzima kama alivyokuja, tayari kwa posa nyingine. Viwanda vingi humtumia mshenga wa sodiamu haidroksaidi, yaani magadi makali ya kutengenezea sabuni, au ndugu yake wa potasiamu. Hao ni wepesi wa kazi na bei yao si kubwa, lakini huyeyuka ndani ya mchanganyiko na hawatoki ila kwa kuoshwa kwa maji mengi, na maji hayo machafu yenyewe huwa taklifu mpya. Zaidi ya hayo, wakikutana na mafuta yaliyochakaa hugeuza sehemu yake kuwa sabuni badala ya dizeli. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi nyingi, kwa miaka isiyopungua 20 sasa, wamekuwa wakitafuta kichocheo kigumu kisichoyeyuka, kinachoweza kuchujwa na kutumiwa tena, na wengi wao wamekikuta katika takataka.

Chokaa ya kale, kazi mpya

Ganda la yai, kwa sehemu zipatazo 95 katika 100, ni kalisi kaboneti, na ndivyo yalivyo pia makombe ya chaza na kome na konokono wa baharini. Likichomwa katika joto la nyuzi 800 hadi 900, hewa ya ukaa hutoka, na kinachobaki ni kalisi oksaidi, ambayo mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa jina lake, kwani ni chokaa hai. Hiyo ndiyo iliyounganisha mawe ya matumbawe ya Msikiti Mkuu wa Kilwa na kuta za kasri la Husuni Kubwa, na hiyo ndiyo mafundi wa mwambao, kutoka Lamu mpaka Kilwa na Mikindani, waliyoitengeneza karne baada ya karne kwa kupanga magogo duara, kuweka mawe ya bahari juu yake, na kuyachoma mpaka yageuke meupe. Kwa hiyo yeye akaaye kando ya Barabara ya Kilwa na kusikia leo ya kuwa wanasayansi wanachoma maganda ili wapate kichocheo, anasikia habari za kazi ya mababu zake ikiitwa kwa jina jipya.

Ushahidi wa manufaa yake si haba. Mwaka 2009 wataalamu wa China walitangaza ya kuwa chokaa ya maganda ya mayai, iliyochomwa kwa joto la kutosha na kutumiwa kwa kiasi cha sehemu 3 katika 100 za uzito wa mafuta, iligeuza zaidi ya sehemu 95 katika 100 za mafuta ya soya kuwa dizeli katika muda wa saa 3, kwa nyuzi 65 tu, na kwamba chokaa ile ile iliweza kutumiwa mara 13 bila kupungukiwa dhahiri na nguvu. Malaysia wakajaribu gamba la kaa wa matope, Thailand wakajaribu konokono na makombe, na wataalamu wa Nigeria wakageukia majivu ya maganda ya ndizi na ya kakao, ambayo yana potasiamu nyingi na kwa hiyo hufanya kazi ya magadi. Wajapani nao, mwaka 2005, walionyesha ya kuwa sukari iliyounguzwa ikawa kaa, kisha ikatiwa asidi ya salfa, huwa kichocheo kigumu chenye tabia ya asidi, na hilo lafungua mlango wa kuyafikiria makaa ya vifuu vya nazi, ambavyo pwani yetu haijapata kuvikosa.

Hebu tuhesabu kwa vipimo vya mtaani. Ganda la yai moja huwa na uzito wa gramu 5 au 6. Trei moja la mayai 30, kwa hiyo, hutoa gramu 150 hadi 180 za maganda. Na kwa kuwa kalisi kaboneti ikiungua hupoteza gramu 44 katika kila 100, trei hilo litatupa takriban gramu 90 za chokaa hai. Gramu 90 hizo, kwa kipimo cha sehemu 3 katika 100, zatosha kugeuza kilo 3 za mafuta kwa mara moja, na chokaa ikichujwa na kurudishwa kazini yatosha kwa kilo nyingi zaidi. Kibanda cha chipsi mayai kinachomaliza matrei kadhaa kwa siku kinatupa, pasipo kujua, kichocheo kingi kuliko kinachohitajiwa kugeuzia mafuta machakavu kinayoyamwaga. Nadra sana maumbile na biashara hukubaliana hivi: mahali pale pale palipo na mafuta ya kugeuzwa pana na cha kuyageuzia.

Mashamba yaliyoshindwa

Huenda msomaji akauliza, kama mafuta ya mimea ni mazuri kiasi hiki, kwa nini tusilime mashamba makubwa ya mbegu za mafuta tukamaliza shida yetu kwa mara moja? Jibu limekwisha kuandikwa mara mbili juu ya ardhi ya Tanzania, na kila mara kwa gharama kubwa.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea ili wapate mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao iliyokuwa na njaa baada ya vita. Walileta matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, wakafyeka mapori bila kuuliza sana habari za mvua na udongo. Na mwaka 1951 mradi ukavunjwa ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Mara ya pili ilikuwa katika zama zetu, na mahali penyewe ni jirani mno na Temeke. Kati ya mwaka 2005 na 2010 sifa za mbono, ule mti wa ua ambao babu zetu waliupanda makaburini, zilivuma duniani kote: ilisemwa kwamba hauliwi na mifugo, hauhitaji mvua nyingi, unastawi katika ardhi mbovu, na kwa kuwa mbegu zake ni sumu hautagombana na chakula cha watu. Kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Sun Biofuels ikapata wilayani Kisarawe zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji 11, na kampuni ya Kiholanzi ikapata eneo kubwa zaidi Kilwa. Kufikia mwaka 2011 mradi wa Kisarawe ulikuwa umeanguka, mamia ya vibarua wamekosa kazi, na wanavijiji wakawa wanalalamika kwamba wametengwa na visima vyao, misitu yao na makaburi ya wazee wao. Ule wa Kilwa ulikuwa umekwisha kufilisika kabla yake. Mbono, kama mmea mwingine wowote, ulidai udongo mzuri na maji mazuri ili utoe mazao mazuri. Novemba 2010 Wizara ya Nishati na Madini ilitoa miongozo ya nishati ya mimea, lakini kwa waliokwisha kuitoa ardhi yao miongozo ilikuja jua limekwisha kutua.

Wala hatuwezi kuyageukia mafuta mapya ya kula. Karibu na mwaka 2020 viongozi wa serikali walikuwa wakitaja kwamba nchi ilihitaji tani zipatazo 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka huku uzalishaji wa ndani ukiwa tani 205,000 tu, na pengo hilo lilijazwa zaidi na mawese ya Malaysia na Indonesia. Nchi inayoagiza mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo, kisha ikayatia katika matangi ya malori, itakuwa imefanya kosa la kiuchumi na la kiadili pia, kwa maana itampandishia bei mama lishe wa Tandika ili imshushie mwenye lori. Mafuta ambayo haki inaturuhusu kuyageuza kuwa dizeli ni yale yaliyokwisha kumlisha mtu. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya njia ninayoitetea na zile zilizoshindwa, kwani za kwanza zilianza kwa kuomba ardhi, na hii inaanza kwa kuokota kilichotupwa.

Magumu yasiyofichika

Ingekuwa hiana kuyaeleza manufaa na kuyanyamazia magumu. Gumu la kwanza lipo katika mafuta yenyewe. Mafuta yaliyokaanga viazi vyenye maji kwa siku nyingi huvunjika, na asidi za mafuta huachana na gliserini zikawa huru. Asidi hizo zikizidi sehemu moja au mbili katika 100, chokaa hushikana nazo ikafanya sabuni ya kalisi, ambayo haiyeyuki, na matokeo yake ni ute unaoziba chujio. Kwa hiyo mafuta ya karai sharti yachujwe makombo, yachemshwe mpaka maji yaishe, yapimwe asidi yake, na yale yaliyochakaa mno yatanguliziwe kichocheo cha tabia ya asidi kabla ya kukutanishwa na chokaa. Hapa ndipo makaa ya vifuu yaliyotiwa asidi yangefaa kuchunguzwa na watu wetu wenyewe.

Gumu la pili ni chokaa. Chokaa hai ina uchu wa maji na wa hewa ya ukaa, na katika unyevu wa Dar es Salaam ikiachwa wazi hurudi haraka katika hali ya uzembe; haina budi kuchomwa karibu na siku ya kutumiwa na kufungwa katika chombo kisichopitisha hewa. Kiasi kidogo chake huyeyuka pia ndani ya dizeli, na viwango vya Ulaya haviruhusu zaidi ya miligramu 5 za kalisi na magnesi kwa kila kilo, kwa kuwa ikizidi huharibu nozeli na machujio; hivyo kuna hatua ya mwisho ya kusafisha, ambayo wengine huifanya kwa asidi ile iliyomo katika ndimu. Na moto wa nyuzi 800 haupatikani bure. Tukikata mikoko ili tuchome maganda, tutakuwa tumeurudia uharibifu uleule ambao uchomaji wa chokaa ya matumbawe umeufanya katika sehemu za mwambao, na itakuwa afadhali maganda yabaki jaani. Tanuri za wafinyanzi na za viwanda ambazo tayari huwaka kwa kazi nyingine, na joto lake hupotea, ndizo za kuombwa nafasi.

Gumu la tatu ni la hatari zaidi, nalo ni methanoli. Huagizwa kutoka nje, hushika moto upesi kwa miali isiyoonekana vizuri mchana, na hufanana na pombe kwa rangi na karibu kwa harufu, ilhali kiasi kidogo tu hupofusha macho na kiasi kisicho kikubwa huua. Mei 2014 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 70 nchini Kenya. Sheria yetu ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 imeweka uagizaji na utunzaji wa vitu hivi chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na hiyo ni hadhari ya kushukuriwa. Kwa hiyo nasema wazi kwamba kazi hii isifanyiwe uani, jikoni, wala katika chumba cha kupanga, hata kwa aliyeisoma habari yake mara mia. Kukusanya mafuta na maganda ni kazi ya mtaa mzima. Kuyageuza ni kazi ya karakana iliyosajiliwa na ya watu waliofunzwa. Ethanoli, ambayo hutengenezwa nchini kutokana na molasi ya miwa ya Kilombero, ina madhara machache na ingetuondolea utegemezi, lakini yataka ikaushwe maji kabisa, na gliserini hujitenga nayo kwa shida. Ni somo la kufanyiwa kazi, si ahadi ya kesho.

Nani aanze, na wapi?

Temeke ina watu zaidi ya milioni 1.3 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, na ndani ya mwendo mfupi wa miguu pale Chang'ombe yamo mambo matatu ambayo mji mwingine ungeyatafuta kwa tochi: Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, kifundishacho walimu wa sayansi tangu mwaka 2005, chuo cha ufundi cha VETA, chenye mafundi wa magari, wa kuchomea na wa umeme, na viwanda vyenye matanuri na majenereta. Mwalimu wa kemia afundishaye vichocheo kwa ubao na chaki angeweza kuwaonyesha wanafunzi wake kichocheo kilichotoka katika kibanda walikonunua chakula jana usiku, na fundi wa VETA angejifunza kuijua injini yake kwa kuiangalia ikinywa mchanganyiko wa sehemu 5 za dizeli ya mimea katika 100, kipimo ambacho injini za kawaida hukipokea bila kubadilishwa kitu. Wanafunzi wa sekondari nao wangeweza kujifunza lile jaribio rahisi la ubora, ambalo hufanywa na mwalimu kwa kutia mililita 3 za dizeli ya mimea katika mililita 27 za methanoli: ikiyeyuka yote bila kuacha tone chini, kazi imekamilika, ikibakisha mafuta chini ya chupa, kazi bado.

Pato la kwanza la mpango wa namna hii halitakuwa dizeli. Litakuwa afya. Mafuta yaliyochemshwa na kurudiwa mara nyingi hujenga sumu ambazo mlaji hazioni, na muuzaji huyarudia si kwa ubaya wa moyo bali kwa kuwa mafuta mapya ni ghali na ya zamani hayana thamani mahali pengine popote. Mafuta machakavu yakipewa bei, hata iwe ndogo, muuza chipsi atapata sababu ya kuyatoa karaini mapema. Pato la pili litakuwa usafi wa mitaro, kwa sababu mafuta yamwagwayo Tandika na Mtoni hugandamana na mchanga na plastiki, huziba njia ya maji, na mvua za masika zikija hushukia Mto Kizinga na kutoka hapo baharini. Wakazi wa Mtoni wanakumbuka jinsi taka za jiji zima zilivyorundikwa kwao kwa miaka, mpaka ukaandaliwa mradi wa kuivuna hewa iliyotoka katika jaa lile, uliosajiliwa mwaka 2007 chini ya Itifaki ya Kyoto. Wao hawahitaji kuhubiriwa kwamba taka ina nguvu ndani yake, na kwamba nguvu hiyo isipotawaliwa huwa adha. Pato la tatu ni gliserini, ambayo ikishaondolewa methanoli yote na kuthibitishwa hivyo, huwafaa watengenezaji wa sabuni, na hao Temeke wapo wengi.

Dizeli yenyewe itakuwa pato la nne, na lazima tuwe wakweli juu ya wingi wake. Mafuta yote machakavu ya Dar es Salaam hayataondoa hata meli moja katika foleni ya Kurasini kwa namna ya kuonekana. Yatatosha kuendesha majenereta ya shule na zahanati, pampu za maji, magari ya taka ya manispaa, na baadhi ya mashua za uvuvi. Na kwa mji ambao haujapata kutengeneza lita moja ya mafuta yake tangu TIPER ilipoacha kusafisha, huo si mwanzo wa kudharauliwa. Huko Uingereza, nchi tajiri isiyo na njaa ya dizeli, kampuni ya McDonald's ilitangaza mwaka 2007 kwamba malori yake yataendeshwa kwa mafuta ya vikaango vyake yenyewe. Basi haitakuwa unyonge kwetu kufanya kwa haja kile ambacho wao wamekifanya kwa hiari.

Lakini soko likikua, macho yawe wazi. Ulaya, ambako mafuta machakavu yalipata bei kubwa kuliko mapya kwa sababu ya sheria za nishati, kumekuwa na shaka nzito kwamba wafanyabiashara huuza mawese mapya kwa jina la machakavu. Kinga yake ni bei isiyozidi ya mafuta mapya, na daftari linaloonyesha kila ndoo imetoka kibanda gani. Kadhalika Shirika la Viwango (TBS) na mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji (EWURA) zina wajibu wa kuweka mapema kiwango na leseni zinazolingana na karakana ndogo, kwa maana kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kiwanda kikubwa humfukuza mdogo, na ukosefu wa kanuni humwalika mlaghai.

Manispaa ya Temeke ingeweza kuanza na mtaa mmoja wa Tandika au Mbagala: kila kibanda kipewe ndoo mbili zenye mifuniko, moja ya mafuta na moja ya maganda, mkusanyaji apite kwa siku maalumu na mizani mkononi na alipe papo hapo, DUCE ipime asidi na ichome maganda, VETA ijenge mtambo na kuusimamia, na mafuta yatakayopatikana yaendeshe jenereta moja ambayo hesabu yake ya lita, ya gharama na ya hitilafu itabandikwa wazi mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, ili kila mlipa kodi aisome. Baada ya mwaka hesabu hiyo itasema yenyewe kama mtambo wa pili unastahili kujengwa. Waliokwenda Kongwa na Kisarawe walianza na maelfu ya hekta, wakaijua kweli baadaye. Sisi tuanze na mtaa mmoja, tuijue kweli kwanza, na tukishaijua ndipo tupanue.